Mashini ya Kuangalia Nyota na Mutoto wa Mudogo Wangu

Siku ile kule Vulamba, katika parsele, kiwanja chenye nyumba, tulikuwa hivi. Kulikuwa mudogo wangu, tumbo moja, yeye ndiye mama alizaa nyuma yangu. Kulikuwa shemeji, mukubwa wa marehemu bwana ya mudogo wangu, mwenye parsele na mwenye kazi ya kuchoma matofali. Kulikuwa mukamwana, bibi ya mutoto mwanaume wa mudogo wangu. Kulikuwa mujukuu wangu, binti ya binti yangu wa kwanza, anasoma fizike hapa Butembo. Kulikuwa bazee ba ukoo wa shemeji, bale ba kukaa kwa kiti na kusema ndiyo, na majirani benye moshi iliita. Na mimi. Mutoto mwanaume wa mudogo wangu, mwenye tulimukusanyikia, yeye hakukuwako.

Majina ya bote ninayo kichwani, ya ubatizo na ya nyumbani, pamoja na majina ya kuchekelea yenye bao benyewe hawajui. Sitayaandika. Bengi ya batu hawa bangali hai, tunakutana ku soko ya Kimemi, tunasalimiana vizuri sana.

Nianze Eringeti, kwa sababu maneno ilitoka kule. Mudogo wangu aliolewa kule, bwana yake akafa na ugonjwa ya tumbo, akabaki na ule mutoto mumoja. Mutoto akakua, akaoa, akaendelea na shamba ya kakao ya baba yake. Siku moja, wakati batu banavuna, adui, ni vile tunaita bale benye silaha ba pori, akatoka pori. Benye kukatwa balikatwa. Yeye alikuwa na mabega mapana, basi balimubebesha mufuko ya kakao yake mwenyewe, bakamuingiza pori. Mukamwana alikuwa mutoni. Mudogo wangu alikuwa amejificha chini ya majani ya ndizi, yale yenye banafunikia kakao mbichi ikichacha. Benye kujua kakao banajua ile kitu inawaka joto namna gani ikichacha. Mugongo yake ilibabuka, hakulia. Kutoka pale ndani alimuona mutoto wake kwa nyuma, anaenda na mufuko kichwani. Hakugeuka.

Mudogo wangu na mukamwana bakakimbia mpaka Beni, toka Beni mpaka Butembo, kwa shemeji. Shemeji alibapokea. Ni kweli alibapokea, kila mutu aliona, na yeye alihakikisha kila mutu anaona. Alibapa kibanda chenye baliwekaka forma za kufinyangia matofali. Mukamwana akaanza kubeba udongo na maji toka asubui mpaka jua inaanguka. Chakula ilibafikia mwisho, nyuma ya batoto na nyuma ya bafanyakazi. Na shemeji alipenda kusema, wakati mudogo wangu anapita:

“Hapa ni mahali ya kupumuzika, hapana ya kuzeekea.”

Kila mara tulisikia batu bamoja benye balitekwa bametoka pori, bamekonda, bana vidonda kwa mabega. Mudogo wangu anashuka Beni, anabauliza. Hakuna mwenye alimuona. Anarudi, anakaa mbele ya kibanda, na shemeji anamuuliza mbele ya batu: “Na leo pia hapana?”

Sasa, katika ule ukoo kuna desturi. Mutu akipotea na maiti haionekani, banakata mugomba, banaufunika na nguo kama maiti, banauzika. Lakini mbele ya kuushusha, mama mwenye alizaa anasimama anasema: huyu ni mutoto wangu. Bila ile sauti, mugomba inabaki mugomba ndani ya shimo, maneno haijafungwa. Bibi yake angali bibi wa mutu, shamba yake ingali yake. Shemeji alikuwa na haraka na ile shamba ya kakao, yenye ingerudi kwake, hata kama hakuna mutu alikuwa anaweza kufika pale na kurudi. Kuna batu ba namna hiyo, banatamani sahani hata kama ndani muko sumu.

Mudogo wangu alikataa. Kila mara bazee banamuita, anakataa. Hakusema mingi, alisema tu: “Sijamuona amekufa.”

Hapo ndipo maneno ya nyota iliingia.

Ilikuwa siku ya Mungu, nyuma ya misa. Mujukuu wangu alikuja kunisalimia kule Vulamba, kwenye nilienda kumuona mudogo wangu, tukala bote, bugali na majani ya sombe na samaki kidogo ya makayabu. Mutoto mwenye kusoma hawezi kula bila kusema. Akaanza na koko, ni vile mujukuu anaita bazazi ba mama yake na badogo babo:

“Koko, munajua kama batu ba sayansi balituma teleskopi juu, inje ya hewa?”

“Teleskopi ni mutu gani?” shemeji akauliza.

“Ni kama miwani munene, baba. Ya kuangalia nyota.”

“Mimi ninaziona bure, bila miwani.”

“Unaziona, baba, lakini zinatetemeka.”

“Zinatetemeka kwa sababu zinaogopa babibi ba Butembo.”

Tukacheka. Mujukuu hakukasirika, alisimama akatuita inje. Jirani alikuwa anachoma matofali yake, tanuri ilikuwa inawaka vizuri. Akasema tuangalie ile nyumba ya ngambo, yenye mabati mapya, lakini tupitishe macho juu ya tanuri. Tukaangalia. Ile nyumba ilikuwa inacheza kama nguo kwa kamba.

“Nyumba inacheza?” akauliza.

“Tunaona inacheza,” mimi nikajibu.

“Hapana, koko. Nyumba imesimama. Ni hewa ya moto inacheza mbele ya macho yetu. Na hewa yote toka hapa mpaka juu inafanya vile, kidogo kidogo. Mwangaza ya nyota inasafiri miaka na miaka, hakuna kitu inaigusa, halafu mwisho kabisa, mbele ya kufika kwa macho yetu, hewa inaiharibu. Ndiyo sababu banapeleka miwani juu, inje ya hewa.”

“Si bapande mulima?” shemeji akasema. Hakupenda kufundishwa na mutoto.

“Banapanda, baba. Milima mirefu kabisa, kule kwenye hakuna mawingu mingi. Inasaidia. Lakini hata ukiiweka juu ya teluji ya Ruwenzori, hewa ingali iko.”

Tukarudi kukaa. Pale karibu na sahani kulikuwa mbabula, jiko ya makala yenye tulipikia, makala ilikuwa imefunikwa na majivu. Akaisukuma mbele yangu.

“Koko, unaona moto?”

“Sioni.”

“Weka mukono.”

Nikaweka, nikatoa mbio.

“Unaona? Kuna mwangaza yenye macho haiwezi kuona. Joto ni ndugu ya mwangaza. Nyota za mbali sana, zile za zamani sana, mwangaza yao inatufikia kama joto tu. Na hewa yetu inakula ile joto, inaimeza kule juu mbele haijafika hapa. Donc, ni kusema, ukibakia chini, hata ukijenga miwani munene kama kanisa, hautaona kitu. Ni lazima utume mashini kule hakuna hewa, na iwe baridi, baridi sana, kusudi joto yake mwenyewe isiichanganye. Hapo inasikia joto hata iwe kidogo namna gani.”

Mudogo wangu akaweka tonge chini. Akainua kichwa.

“Inasikia joto ya nini?”

“Ya kila kitu, koko,” mujukuu akajibu na chakula kinywani.

“Hata kidogo?”

“Kidogo sana, na mbali sana. Ni vile mwalimu alituambia.”

“Na ikiwa kuna kitu inafunika katikati?”

“Kule juu kuna vumbi mingi katikati ya nyota. Joto inapita ndani ya vumbi, macho ya kawaida inashindwa.”

Mutoto alikuwa anasema maneno ya nyota. Mudogo wangu alinawa mikono, na sahani yake ilikuwa ingali nusu. Ule mwanamuke mwenye njaa kila siku akaacha sahani nusu! Nilimufuata kwa kibanda.

“Yaya,” akaniambia, ni kusema mukubwa wake, “mutu muzima ana joto, si vile?”

“Ndiyo.”

“Na maiti haina.”

“Haina.”

“Donc bale batu benye mashini banajua.”

“Ile mashini ni ya nyota, mudogo wangu.”

“Nyota na Eringeti, ni wapi mbali?”

“Nyota.”

“Basi!”

Masomo yangu ni ya kusoma kitabu cha sala na kuandika pole pole. Mutu akisema mashini inasikia makala kule mwisho wa mbingu, unamuambia nini mama mwenye mutoto wake iko hapa karibu, siku moja ya motokari?

Toka siku ile mudogo wangu alibadilika. Alikula. Alisuka nywele. Alianza kuuliza kila mutu mwenye telefone namna ya kufikia batu ba ile mashini. Batu banamuambia, “Andika tu, mama, batajibu,” kisha banacheka nyuma ya mukono. Na kwa sababu alishika kwamba hewa ndiyo inaharibu, alianza kuchukia kila kitu chenye kuchafua hewa. Alichukia ukungu ya asubui, na Butembo yetu bila ukungu ni Butembo gani? Alienda kuomba majirani baache kuchoma majani. Alipika chakula nusu mbichi kusudi asitumie makala mingi. Majirani bakaanza kumuita mama ya hewa.

“Mama ya hewa, leo iko safi?”

“Leo iko safi kidogo,” anajibu, na banafurahi sana kwa sababu amejibu.

Mukamwana alikuwa anapita na bidon ya maji kichwani, anasikia, hainui macho.

Kisha shemeji akawasha tanuri yake. Nieleze kidogo kwa mwenye hajui. Matofali mabichi banayapanga juu juu kama nyumba isiyo na mulango, banayapakaa udongo, chini banaacha vinywa, ndani ya vinywa banatia magogo. Moto haipumuziki muchana na usiku mpaka matofali ya juu kabisa inakuwa nyekundu. Moto ikikatika katikati, umepoteza yote. Ile ilikuwa kazi ya musimu muzima, na nusu ya udongo ilipita kwa mabega ya mukamwana.

Moshi ilipanda nyeusi, ikafunika parsele, ikafunika kilima. Mudogo wangu aliiangalia siku ya kwanza, akaiangalia tena. Asubui mapema, bafanyakazi balipoenda kutafuta chai, akachukua jembe akavuta magogo inje, akamwaga maji kwa vinywa, bidon kwa bidon. Matofali ikaanza kupasuka ndani, pa, pa, pa, kama mutu anavunja mifupa ya ngombe. Na moshi haikuisha. Ilikuwa nyeupe, munene kupita ya kwanza, batu bote ba barabara bakaja kuangalia.

Shemeji alitoka na kiatu moja.

“Nani? Nani alifanya?”

Mudogo wangu alikuwa angali ameshika bidon.

“Ni mimi, shemeji.”

“Wewe? Nilikupa mahali ya kulala, unanizimia moto?”

“Moshi inafunika. Hawamuoni.”

“Nani hawamuoni nani?”

“Bale ba mashini. Hawamuoni mutoto.”

Shemeji akamuangalia, akaangalia tanuri yenye kulia, akaanza kucheka. Nilimujua shemeji na hasira, anatukana, anachoka, inaisha. Kicheko kile sikukijua. Akatuma mutu kuita bazee, akatuma mwengine kwa masomo kuita mujukuu wangu, akatuma wa tatu kwa shamba na panga.

“Leo tunamaliza,” akasema.

Saa za muchana bote balikuwa wamekaa karibu na tanuri yenye kufa. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, ilipita, kwa sababu bazee hawakati maneno na koo kavu. Mugomba ulikuwa tayari, umefunikwa na nguo nyeupe, umelazwa chini. Shimo ilichimbwa nyuma. Yote ilipangwa mbele ya kuuliza mutu. Mujukuu alifika na daftari kwapani, hakujua aliitiwa nini. Shemeji akamusimamisha katikati.

“Wewe, binti, mademuazele ya fizike. Ni wewe ulipandisha jicho juu. Sasa utalishusha.”

“Baba, mimi nilisema tu…”

“Utajibu kile ninakuuliza. Ile mashini inaangalia wapi?”

Mujukuu akaniangalia. Nikaangalia chini.

“Inje,” akasema.

“Inje wapi?”

“Upande wa nyota.”

“Na sisi tuko wapi?”

“Nyuma yake.”

“Sema nguvu, bazee hawasikii.”

“Nyuma yake! Mugongo yake ndiyo iko upande wetu. Iko na kitu kama mwavuli munene, mwavuli ndiyo inaikinga na jua na sisi.”

“Inaikinga na sisi? Sisi tuliifanya nini?”

“Hapana kufanya, baba. Dunia yetu inatoa joto mingi na mwangaza mingi. Balipeleka mashini mbali kusudi iwe baridi. Ikigeuka huku, tunaipofusha. Inaharibika.”

Shemeji akafungua mikono, kama padri mwenye amemaliza mahubiri. “Mumesikia.”

Mudogo wangu akasimama. Sauti yake ilikuwa ya mutu anaomba chumvi kwa jirani.

“Hata mara moja? Bageuze mara moja tu, pale Eringeti, bakimaliza bairudishe kwa nyota zao.”

Hapo ndipo balicheka. Muzee mumoja mwenye kasiksi kinywani ndiye alianza, ilimutoka kwa pua. Majirani bakafuata, kisha babibi, na babibi ndio balicheka nguvu kupita bote.

“Bageuze na kwangu, mbuzi yangu ilipotea!”

“Na bwana yangu, baniambie analalaka wapi!”

“Mama ya hewa, baambie bapitie Kimemi, bamenidanganya kilo ya sukari!”

Shemeji alingoja waishe. Hakuwa na haraka tena. Akasema pole pole, karibu na upole:

“Mama, nyani pia iko na joto. Nguruwe ya pori iko na joto. Hata kama ingeangalia, ingekuambia nini? Kwamba pori iko na joto?”

Mujukuu alikuwa analia sasa. Akataka kurudisha kitu chenye alikuwa amenyanganya.

“Koko, ziko mashini zingine. Zingine zinaangaliaka huku chini.”

Mudogo wangu akageuka kama mutu bameita jina yake.

“Ziko?”

“Ziko, koko. Za kupima mvua, mashamba, mito. Zingine ni za baaskari ba inchi kubwa.”

“Zinaona pori?”

“Zinaona majani ya juu.”

“Na chini ya majani?”

Mutoto akaangalia daftari yake.

“Mujibu,” shemeji akasema. “Ulitaka kusema, sema.”

“Chini ya majani ni nguvu sana kuona. Na hata ikionekana kitu, koko… hazitafutake mutu mumoja.”

“Donc,” mudogo wangu akasema, “bale ba juu banatafuta joto ya mbali, na bale ba chini hawatafute mutu mumoja.”

“Ndiyo, koko.”

“Sawa. Nimesikia.”

Bazee bakapumua. Shemeji akaonyesha na kidole, babiri bakainua mugomba bakauleta karibu. Mugomba wenye kukatwa leo unatoa maji, ile nguo ilikuwa imelowana upande wa chini, inadondoka.

“Simama hapa, mama. Sema tumalize.”

Mudogo wangu akakaribia. Akafunua nguo kidogo upande wa kichwa, akaangalia, akafunika vizuri kama vile alivyokuta.

“Huyu ni mugomba,” akasema.

Shemeji akaruka.

“Binti alikuambia hakuna mutu anamuangalia! Ulisema umesikia!”

“Nilisikia, na nimeamini. Lakini kama kila mutu mwenye haangaliwe amekufa, shemeji, sisi bote hapa tulikufa zamani. Toka Eringeti mpaka hapa, nani anatuangaliaka?”

Pale hawakucheka. Muzee wa kasiksi aliangalia kikombe yake. Mimi nilifikiri imekwisha, banatupia mbuzi ule mugomba baukule. Kumbe mukamwana alikuwa amesimama. Alikuwa na udongo mukavu mpaka kwa viwiko, hakuwa amenawa.

“Mimi nitasema.”

“Mwanangu,” mudogo wangu akamuambia.

“Mama, unisamehe. Wewe, akiwa muzima uko mama yake, akiwa amekufa uko mama yake. Mimi ni nani? Bwana sina, kilio sina. Ninabeba udongo ya matofali, na leo hata matofali hakuna.”

Akapita mbele ya mugomba, akasema, na hakusema na sauti ndogo:

“Huyu ni bwana yangu.”

Desturi inasema mama. Shemeji aliangalia bazee, bazee bakaangaliana, kisha kichwa cha kwanza kikakubali, na vingine vikafuata. Nimeona desturi ikikazwa kama waya kwa batu fulani, na ikilegezwa kama kamba ya suruali wakati wenye kuishika bana haraka. Bakashusha mugomba. Babibi bale bale benye balicheka bakapandisha kilio, na kilikuwa kilio kizuri, ukipita barabarani ungesema kweli kuna maiti. Mukamwana alilia kupita bote. Kile kilio hakikuwa cha uongo, alikuwa amekingoja.

Mudogo wangu hakukaa matanga. Asubui yake alinikuta nyumbani kwangu, amefunga kitenge na mufuko kidogo.

“Yaya, ninaenda.”

“Wapi?”

“Eringeti. Pale barabara inakutana na njia ya pori. Ni pale banatokaka.”

“Batakukata.”

“Labda.”

“Utafanya nini pale, mwanamuke muzee?”

“Kuangalia.”

Nilimushika mukono, akanitoa vidole kimoja kimoja, bila hasira. Akapanda pikipiki yenye ilikuwa inashuka Beni na mikungu ya ndizi, akakaa nyuma ya mikungu. Shemeji alipopata habari, alisema mbele ya batu, na balinirudishia vile alivyosema: “Mumuambie migomba iko mingi.”

Mukamwana aliolewa upande wa Lubero, ana mutoto. Mujukuu wangu angali anasoma, lakini akija kwangu anakula kimya. Nilimuuliza mara moja kama ile mashini ingali kule. Alisema iko, na inafanya kazi vizuri sana, inaonyesha vitu vyenye mutu hajaviona toka dunia ianze. Nilisema vizuri.

Mufanyabiashara mumoja wa kakao aliniletea habari ya mudogo wangu mwanzoni. Alimuona amekaa kwa ukuta wa kanisa, kila mwenye kutoka pori anamusimamisha, anamuuliza kuhusu kijana wa mabega mapana. Batoto banamuletea viazi. Kisha adui akaingia tena upande ule, batu bakatawanyika, na toka pale hakuna mwenye kuniambia kitu.

Musimu huu wa mvua bazee ba ukoo walikuja kwangu. Bamevaa viatu vizuri, bamekataa kukaa. Shemeji amebatuma: mudogo wako amepotea muda murefu, tufunge maneno yake. Mama yetu alikufa zamani, baba pia. Mwenye kubaki na sauti ya kusema huyu ni wetu, ni mimi. Na mugomba, banasema, umechaguliwa.

Nimebaambia bangoje. Hawakupenda. Banarudi, ninajua. Kwa hiyo ninaandika haya mbele ya kufungua kinywa, kwa sababu nikisema pale kwa shimo, nataka niseme chenye ninakijua. Ninyi benye mulikuwa Vulamba siku ile, mukisoma na mukiona nimekosea, mukuje munirudishe. Labda nguo ya mugomba haikuwa nyeupe. Labda ni muzee mwengine, hapana yule, mwenye kasiksi ilimutoka kwa pua. Labda mudogo wangu aliomba bageuze mashini dakika moja, hakusema mara moja. Munisahihishe, sitakasirika. Lakini musikuje kuniambia hakuna mwenye alicheka. Nilikuwa nimekaa mbele yenu, na majina ninayo.